Ukuta wa teke na sakafu ya mkojo: kisa cha banda la farasi chini ya Mlima Meru

Mazingira ya kisa

Shamba lenyewe liko kwenye miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha. Zamani lilikuwa la kahawa. Siku hizi lina nyumba chache za wageni na farasi wa kupanda. Majina, mwaka na chochote kinachoweza kumtambulisha mmiliki nimeviondoa. Bei pia sikuziweka, maana saruji na bati havikai bei moja msimu mzima. Panapohitaji kutajwa gharama nimelinganisha tu.

Niliitwa baada ya awamu ya kwanza kukamilika, nikague kilichojengwa na nisaidie kupanga awamu ya pili. Kwa hiyo habari za awamu ya kwanza zinatokana na ramani, risiti, na maelezo ya fundi na saisi, yaani mtunza farasi. Ya pili niliisimamia.

Kilichotakiwa ni banda la vyumba vinane kwa farasi wa kilo 400 hadi 500. Mahali ni zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Novemba na Desemba, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya usiku inauma. Udongo ni wa majivu ya volkano: kiangazi ni vumbi linaloingia hadi kwenye sufuria, masika ni tope linalovua viatu. Jambo jingine lililokuja kuamua mengi ni maji. Visima vingi kuzunguka Meru vina floraidi nyingi, ile inayogeuza meno ya watu kuwa ya kahawia, na wanyama nao huathirika meno na mifupa. Mmiliki alitaka maji ya mvua kutoka kwenye paa la banda ndiyo yawe maji ya kunywa ya farasi.

Kabla ya kuanza, mmiliki alikuwa na ushauri wa watu watatu. Fundi wa kijijini alisema tofali na bati. Rafiki yake aliyewahi kufuga farasi Ulaya alisema mbao tupu, kuanzia ukuta hadi mlango. Mtu aliyemchorea nyumba za wageni alitaka paa la nyasi, wageni wapate kitu cha kupiga picha. Wote watatu walikuwa wakijibu swali moja: banda liwe la nini? Naona hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo, maana banda la farasi halihitaji jibu moja kuanzia msingi hadi kofia ya paa.

Awamu ya kwanza: vyumba vinne

Fundi ndiye aliyeshinda. Alikuwepo, alikuwa na bei mkononi, na alikuwa amejenga nyumba nyingi na mabanda ya ng'ombe yasiyohesabika. Kazi yake kwa kipimo cha nyumba haikuwa mbaya.

Kuta za nje zilikuwa za tofali za saruji za inchi 6, zimesimamishwa hadi kwenye lenta. Kuta za kutenganisha chumba na chumba zilijengwa kwa tofali hadi sentimita 90 tu, na juu yake, ili kubana matumizi, yakapigwa mabati kwenye fremu ya mbao. Chini lilimwagwa jamvi la zege la sentimita 10 na juu likapigwa niru safi, ile saruji tupu ya kulainisha, iking'aa. Paa ni bati geji 30 juu ya kenchi za paina, bila dari. Miimo ya milango na nguzo za baraza ni mikaratusi iliyotiwa dawa, ile yenye rangi ya kijani. Vyumba vilikuwa mita 3 kwa 3. Matundu ya hewa yalikuwa madogo, na pembetatu za juu ukutani zilizibwa kabisa, "wasipigwe na baridi."

Siku ya kukabidhi, fundi aliupiga ukuta kwa kiganja akamwambia mmiliki, "Mama, hapa hata tembo hapiti." Saisi, mzee aliyeanza kuhudumia farasi kabla fundi hajazaliwa, alinyamaza. Baadaye alinieleza alichokuwa akifikiria: farasi hana haja ya kupita ukutani. Anaupiga, anauguguna, anaukojolea, anausugua kwa makalio. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mambo yalivyojitokeza, moja baada ya jingine

Niru ndiyo iliyotangulia. Farasi mwenye kwato za chuma akigeuka kwenye sakafu laini iliyolowa mkojo anateleza, na ndani ya mita 3 kwa 3 anageuka mara nyingi. Mmoja alianguka kwa ubavu akainuka mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa anakataa kuingia chumbani mpaka avutwe. Saisi akaongeza maranda ya mbao, tabaka nene, na gharama ya maranda ikapanda.

Masika ilipoingia, ikaja harufu. Farasi wa ukubwa ule hutoa zaidi ya kilo 15 za kinyesi kwa siku, na mkojo wa ndoo nzima ndogo. Jamvi lilikuwa limemwagwa usawa mmoja bila mteremko, hivyo mkojo ulikaa palepale chini ya maranda ukigeuka amonia. Hewa ya moto yenye unyevu hupanda juu. Ikikuta pembetatu zimezibwa inagonga bati lililopoa usiku, inageuka matone na kurudi chini. Asubuhi saisi alikuwa akifungua milango huku anafuta machozi. Farasi wawili walianza kukohoa. Wale walioziba matundu kwa huruma walikuwa wamewafungia farasi hewa mbaya, wakati farasi mzima mwenye chakula cha kutosha huvumilia baridi ya Arusha bila shida. Kinachomdhuru ni upepo wa moja kwa moja akiwa ameloa, na hewa chafu.

Kisha teke. Wakati wa kugawa chakula, farasi jike aliyekuwa jirani na farasi mgeni alirusha miguu ya nyuma. Kwato ikapita juu ya tofali, ikatoboa bati na kutokea upande wa pili. Bati likitobolewa hivyo huacha meno yanayoelekea kule mguu ulikokwenda. Farasi alipovuta mguu kwa hofu, bati likachana ngozi chini ya kifundo hadi mfupa ukaonekana. Daktari wa mifugo alishona, na mishipa ya nyuma ya mguu ilikuwa imenusurika kwa kiasi kidogo sana. Farasi yule hakubeba mgeni kwa miezi kadhaa.

Kuta za nje nazo zilianza kupasuka. Ufa ulifuata viungo vya kozi (safu za tofali) ya tatu hadi ya tano, mahali hasa kwato inapofika. Nilipouliza kuhusu tofali, ilibainika kwamba mfuko mmoja wa saruji ulikuwa ukitolewa tofali zaidi ya 40. Tofali kama hizo zinabeba paa la nyumba ya kuishi bila malalamiko, lakini mateke ya kila siku mahali palepale ni habari nyingine.

Jambo la mwisho lilionekana polepole. Miimo ya milango ilikuwa imeliwa. Farasi anayekaa chumbani saa nyingi huguguna mbao, na dawa ya kijani iliyomo kwenye nguzo zile ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki. Hakuna farasi aliyethibitika kudhurika, lakini hakuna mfugaji anayetaka kusubiri uthibitisho wa namna hiyo.

Maamuzi ya awamu ya pili, na sababu zake

Tulianza kwa kuacha swali la "banda la nini" na kuligawa jengo kwa kimo. Kuanzia sakafuni hadi mita 1.4 ni eneo la teke. Hapo kifaa kinatakiwa kiwe kizito, laini kwa uso na kisicho na ncha. Kutoka hapo hadi mita 2.2 hivi ni eneo la meno na pua: farasi aone jirani yake, apumue, asipate ukingo wa kuguguna. Juu ya hapo ni hewa tu na paa. Sakafu tuliipa mjadala wake peke yake. Fedha nyingi zingekwenda chini, na kila tulichopunguza kingepunguzwa juu.

*Ukuta.* Tofali zililazwa badala ya kusimamishwa, ukuta ukawa na unene wa inchi 9. Fundi alipinga, akasema kulaza kunaongeza tofali mara moja na nusu. Ni kweli kwa kila mita ya ukuta. Lakini ukuta wa kulaza tuliuishia mita 1.4, kozi nane, wakati ule wa kusimamisha alikuwa ameupeleka mita 2.4. Tulikaa naye chini ya mwembe tukapiga hesabu kwenye ubao wa zege: 1.4 mara 1.5 ni 2.1, pungufu ya 2.4. Ukuta mnene ulikuwa unakula tofali chache kuliko mwembamba! Alicheka, akaniuliza kwa nini hawakumfundisha hivyo alipokuwa kibarua. Tofali zenyewe zilifyatuliwa palepale, mfuko tofali zisizozidi 28, zikamwagiwa maji wiki mbili kabla ya kuguswa. Juu ya kozi ya mwisho tulimwaga mkanda wa zege wenye nondo za milimita 12, na juu ya mkanda zikasimamishwa bomba za chuma zenye nafasi ya sentimita 5, ili kwato isipite wala taya lisikwame.

Mawe ya volkano tuliyafikiria pia, kwa kuwa yapo karibu na ni rahisi. Tatizo ni uso wake: unakwangua ngozi kama msasa, na kuusawazisha kwa plasta kunakula saruji kuliko kununua tofali. Tuliyatumia kwenye msingi tu.

*Mbao.* Zege halinyumbuki. Farasi akilipiga, nguvu yote inarudi kwenye kifundo chake. Kwa hiyo ndani ya vyumba tulifunga mbao za unene wa inchi 2 hadi mita 1.2. Mbao ipi? Paina inapatikana kila duka lakini ni laini, farasi anaila kwa msimu mmoja, na isipotiwa dawa mchwa wanaimaliza kabla yake. Mninga na mvule ni mbao za thamani. Kuzipeleka mahali pa kupigwa mateke ni ufujaji, hata kama mtu ana vibali na fedha. Grevilia ilikuwepo shambani, ile iliyopandwa kuwapa kahawa kivuli, ila miti mingi ilikuwa myembamba. Tulichagua mkaratusi uliokaushwa. Ni mgumu na mzito.

Mbao za ndani hazikutiwa dawa yoyote. Badala yake ziliinuliwa sentimita 10 kutoka sakafuni juu ya vipande vya chuma. Hivyo mkojo hauzifikii, na mchwa wakitaka kupanda lazima wajenge njia yao mahali ambapo macho ya saisi yanapita kila asubuhi. Kingo zote zilivishwa chuma cha L. Zilifungwa kwa bolti, vichwa vikazamishwa ndani ya mbao. Msumari hauingii kwenye mkaratusi mkavu bila kuupasua, na msumari unaochomoza ndani ya banda la farasi ni jeraha linalosubiri siku yake.

Nguzo za kijani zilibaki nje, zinakoshika kingo za paa, mbali na shingo ya farasi. Vipande vyake vilivyokatwa vilizua ubishi. Vibarua walikuwa wameshaviweka kando vya kupikia uji, na mmoja alikuwa amejaza unga wa msumeno kwenye magunia akiamini utafaa kuwa maranda. Yote mawili yalizuiwa. Kuni hizo zikiungua arseniki inabaki kwenye moshi na majivu, na mnyama akilamba majivu hayo anaweza kufa. Mmiliki aliwanunulia vibarua mkaa, ubishi ukaisha. Saisi naye aliacha kuchukua maranda kwenye karakana isiyoweza kueleza mbao zake zimetoka wapi.

*Paa.* Nyasi zina sifa zake na sitazidharau: ni baridi mchana, joto usiku, na mvua ikinyesha hazipigi kelele. Lakini zinakaa juu ya maranda makavu na majani makavu, na kutoa farasi wanane wenye hofu kwenye banda linaloungua ni jambo ambalo sitaki kumwandikia mtu mpango wake. Tena nyasi hazivuni maji. Paa lote pamoja na kingo zake lilikuwa na karibu mita za mraba 180. Mvua ya milimita 25 juu yake inatoa zaidi ya lita 4,000 hata ukitoa zinazopotea njiani. Farasi wanane wakinywa lita 30 kila mmoja wanatumia lita 240 kwa siku. Hesabu hiyo peke yake ilimaliza mjadala. Mchoraji alipewa baraza la wageni alivike nyasi anavyotaka.

Bati lilikuwa geji 28, rangi nyeupe, kwa sababu rangi iliyokoza inakusanya joto. Ukingo wa chini uliwekwa mita 3 kutoka sakafuni. Kileleni tuliacha mwanya wa sentimita 20 na kofia ikainuliwa juu yake, mvua isiingie lakini hewa itoke. Kingo zilisogezwa nje mita 1.2. Chini ya bati likawekwa tabaka la foili ya kuzuia joto. Upande wa upepo wa Juni tuliziba nafasi ya juu kwa mbao zenye mianya. Pande nyingine ziliachwa wazi.

*Wavu.* Hapa vifaa vinakutana na ugonjwa. Ugonjwa wa farasi wa Afrika huenezwa na visubi wa milimita 1 hadi 3, wanaoruka kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza, na huongezeka baada ya mvua. Katika farasi wasio na kinga unaweza kuua 9 kati ya 10. Punda na pundamilia huuhimili. Chanjo ndiyo kinga ya kwanza na hakuna kifaa cha ujenzi kinachochukua nafasi yake. Banda lililofungwa wavu husaidia, mradi farasi waingizwe kabla ya magharibi. Shida ni kwamba kisubi anapenya kwenye tundu la wavu wa kawaida wa mbu, na wavu mwembamba unaomzuia unabana hewa ileile tuliyoihangaikia. Tuliamua kutengeneza fremu za wavu mwembamba zinazopachikwa upande wa nje wa bomba, farasi asiufikie, zifungwe saa kumi na moja jioni na kuondolewa asubuhi, hasa miezi ya mvua. Kofia ya paa nayo ilivikwa wavu.

*Sakafu.* Hatukukubaliana, kwa hiyo tuliamua kujaribu. Vyumba viwili vilipata mawe, kisha kokoto, kisha moramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Viwili vingine vilipata zege lililokwaruzwa kwa ufagio likiwa bichi, lenye mteremko wa sentimita 5 kutoka ukuta wa nyuma hadi mfereji wa mbele. Juu yake vikatandikwa vipande vya mkanda wa kusafirishia mawe uliostaafu machimboni, maana mikeka ya mpira iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi huagizwa nje na bei yake ilimtoa mmiliki jasho.

Vyumba vipya vilikuwa mita 3.6 kwa 3.6, milango ya upana wa mita 1.2 inayofunguka nje, vipande viwili, komeo juu na jingine chini la kufungwa kwa mguu. Vyumba vya zamani vilirekebishwa pia: mabati yakang'olewa, ukuta ukainuliwa, pembetatu zikatobolewa, niru ikachimbwachimbwa kwa tindo na kutandikwa mkanda, na miimo ya kijani ikabadilishwa. Ukubwa wake haukubadilika. Vikapewa farasi wadogo.

Matokeo

Baada ya masika mbili, kuta za kulaza hazina ufa. Hakuna jeraha lililosababishwa na jengo lenyewe. Kikohozi kilikwisha kwa farasi mmoja; kwa mwingine kilipungua lakini kinarudi majani yakiwa na vumbi, kwa hiyo huenda si banda pekee lililomletea. Saisi anafungua milango asubuhi bila kufuta machozi, na kwangu hicho ni kipimo kizuri kuliko kifaa chochote cha kupimia hewa ambacho tungeweza kununua.

Chumba kimoja cha awamu ya pili kiligharimu karibu theluthi moja zaidi ya cha kwanza. Lakini ukijumlisha ukarabati, bili ya daktari na safari zilizofutwa, vyumba vya kwanza ndivyo vilivyokuwa ghali.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Mbao za mkaratusi za upande unaopigwa na jua la mchana zilijikunja, tatu zikang'oa bolti zake. Foili chini ya bati ilidonolewa na ndege wakaifanya malighafi ya viota, na sehemu zinaning'inia. Wavu unazibwa na vumbi kiangazi kiasi kwamba usipopigwa maji kila wiki chumba kinakuwa kizito kama zamani.

Uchambuzi

Kugawa ukuta kwa kimo ndiko kulikobeba mradi. Kulituwezesha kumjibu fundi kwa hesabu, tena tofali zake ndizo zilizotumika. Aliyetaka mbao alipata mbao mahali ambapo mbao ina kazi, na bati lilibaki juu. Kifaa kilekile kilichochana mguu kikiwa kimo cha kwato ndicho kinachovuna maji safi kikiwa mita 3 juu.

Fundi alilaumiwa kupita kiasi. Aliagizwa banda na akajenga banda. Ng'ombe harushi teke la nyuma kwa namna ya farasi, havalishwi chuma, na haguguni miimo kwa uchovu wa kukaa. Kosa lilikuwa kwenye maagizo: hakuna karatasi iliyosema mnyama huyu anafanya nini na jengo. Aliyejua alikuwa saisi, na kwa desturi zetu saisi huletwa jengo likiisha, apewe ufunguo. Awamu ya pili alikaa kwenye kila kikao. Kimo cha mita 1.4 alikitaja yeye kabla sijafungua futi, akionyesha alama za kwato kwenye plasta ya zamani. Alijua pia nani asiwekwe jirani na nani, jambo linalopunguza mateke kuliko tofali lolote.

Kuacha dawa kwenye mbao za ndani lilikuwa jambo la kubahatisha kwa kiasi fulani, kwa eneo lenye mchwa. Limefaulu kwa sababu ya ile nafasi ya sentimita 10 na kwa sababu mtu anakagua. Kwenye shamba lisilo na saisi makini nisingelipendekeza. Hapo ningetumia bomba za chuma na mpira, mbao niziache.

Kujikunja kwa mkaratusi kulitabirika. Mbao zilikauka miezi michache tu kwa kuwa ratiba ya wageni ilikuwa inatukimbiza, na upana wa inchi 8 ulikuwa mkubwa mno. Mbao nyembamba za inchi 4 hadi 5, zilizokauka kivulini msimu mzima, zingetulia. Foili sina utetezi wake: ingehitaji wavu wa kuku chini yake, gharama ndogo ambayo haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Sakafu ndiyo iliyotufundisha zaidi, na matokeo yake hayakumpa ushindi mtu mmoja. Moramu ilikuwa bora kwa miguu. Farasi walilala zaidi, maranda yalitumika kidogo, na mkojo ulishuka kwenye kokoto. Lakini chumba cha dume mmoja anayeparura ardhi akisubiri chakula kilipata shimo la kina cha goti mlangoni, na kila baada ya masika vyumba vyote viwili vinahitaji kuchimbuliwa sentimita chache na kushindiliwa upya. Zege lenye mkanda halina shimo. Tatizo lake liko chini: mkojo unapenya kwenye maungio ya vipande na kubaki hapo, na kuvinyanyua kuvisafisha ni kazi ya watu wawili wenye mgongo mzuri. Pia uso wa mkanda uliosuguliwa na mawe miaka mingi ni laini. Ukilowa unarudisha utelezi tulioukimbia, mpaka ulipokatwa mistari kwa kisu cha moto. Kipande kimoja kilikuwa na nyuzi za chuma ndani zilizochomoza pembeni. Kilirudishwa, na tangu hapo kila kipande kinapasuliwa ukingo na kukaguliwa kabla ya kununuliwa.

Mmiliki sasa anataka kuongeza vyumba viwili. Vitakuwa vya moramu, vyenye ukanda wa zege wa nusu mita mlangoni, mahali farasi anaposimama kusubiri chakula. Dume anayeparura atakaa kwenye zege.